Geji Mpya ya Ndege ya Hajji

Ndugu zangu wa Oruchinga, leo sina uso. Nimejifungia ndani hapa Juru, kando ya ziwa, nawaandikia upesi, maana afadhali mlisikie jambo hili kwangu kuliko kwa wauza samaki, ambao wataliongezea chumvi. (Chumvi haihitajiki. Mtaona.)

Mbarara kuna mzee anaitwa Hajji Zubairi, muuza vipuri vya malori. Mtu mnene, mpole, mwenye subira. Kwa miaka mitatu amekuwa akijenga ndege nyuma ya nyumba yake, kule Biharwe. Ndiyo, ndege! Ya watu wawili. Mbao, turubai la hema, na injini ya gari lile la mgongo wa kobe. Na inaruka!

Kilichoniponza kwake, mimi fundi redio na baiskeli, ni geji, kile kipimo cha petroli. Yake ilikuwa kizibo cha chupa kinachoelea ndani ya tangi, kimechomekwa waya unaotokeza nje juu ya mfuniko. Waya mrefu, petroli nyingi. Waya mfupi, anza kusali.

Nilipoiona nilicheka. "Hajji, hiki ni kitu cha aibu. Nitakuwekea geji ya kisasa."

"Hii haijawahi kunidanganya, fundi."

"Ya kisasa, Hajji!"

Akakubali. (Upole ni ugonjwa.) Nikang'oa geji ya lori bovu: mshale wa kukaa mbele ya dereva, waya, na boya lenye mkono la kukaa ndani ya tangi. Tangi lenyewe ni refu na la kina kifupi, kama sinia la kuokea mikate. Boya nikalifunga mwisho kabisa, upande wa nyuma, kwa sababu ndiko mkono wangu ulikofika vizuri. (Hiyo ndiyo sayansi yote niliyotumia.) Kisha nikamimina petroli jagi kwa jagi, nikichora alama kwa rangi nyekundu: HAKUNA, NUSU, TELE. Ndege wakati huo imesimama kama isimamavyo siku zote, mkia chini, pua juu kama ng'ombe anayenusa mvua. Nikarudi nyuma hatua tatu nikaitazama kazi yangu. Nilijipenda!

Sasa, kuna Mama Furaha. Huyu ni mama wa Furaha, msichana ninayetaka kumwoa. Mama huyo alikuwa hajakubali. Alisema fundi ni mtu asiye na shamba. Basi jana nikamtumia salamu: kesho saa tatu asubuhi atoke nje, atazame juu. Nitapita hapo nikipunga kitambaa. Akawaambia majirani. Majirani wakaambia Juru nzima.

Na kuna jambo lingine. Kambi ya jeshi ya Mbarara ilimruhusu Hajji aruke kwa sharti moja: atue palepale alipoondokea. Akitua kwingine, ndege inachukuliwa. Miaka mitatu ya jasho, inachukuliwa!

Leo asubuhi tukaweka petroli nusu tangi, tukapaa. Jamani, raha! Ng'ombe chini wadogo kama siafu wenye pembe. Ndege inapanda pua juu, mshale kwenye NUSU, umetulia. Tukakaribia ziwa, nikaiona Juru, nikaona watu wamejaa njiani. Nikatoa kitambaa.

"Ngoja nishushe ndege kidogo wakuone," akasema Hajji, akainamisha pua.

Mshale ukaanguka. Pu! HAKUNA.

"Hajji, petroli!"

"Imefanyaje?"

"Inapungua!"

"Si lazima ipungue? Tunaitumia."

"Inapungua mbio, Hajji!"

Akavuta usukani, pua ikapanda, akatazama. Mshale nao ukapanda mpaka NUSU.

"Mbona ipo?"

"Imerudi!"

"Imerudi kutoka wapi, fundi?"

Akashusha tena. HAKUNA! Na injini, nawaambia kweli, inanguruma kama kawaida, haina habari. Mtu mwenye akili angesikiliza injini. Mimi nilisikiliza mshale wangu, nikapiga kelele iliyosikika mpaka chini:

"Tua, Hajji! Tua tutakufa!"

Hajji akaniangalia mara moja. Nikajua anafikiria ile miaka mitatu. Kisha akasoma dua, akazima injini, akachagua pahali penye usawa. Palikuwa na majani mabichi, laini, yaliyopangwa mistari. Tulipogusa ndipo nilipoyatambua. Maharagwe. Tukayafyeka mistari minne, tukasimama hatua kumi kutoka kwa mwenye shamba, ambaye bado alikuwa ameweka kiganja juu ya macho akitazama juu, kama alivyoagizwa. Mama Furaha.

Nikaruka nje. "Kimbieni! Petroli imekwisha!"

Watu wakakimbia. Watoto, mbuzi, wote. Aliyebaki ni sajini mmoja wa kambi ya Mbarara, aliyekuja kumsalimia shemeji yake. Akaja polepole akisukuma baiskeli.

"Wewe! Petroli nakwisha?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa watu nakimbia nini?"

Waliokuwa wakikimbia wakasimama. Wakafikiri. Wakarudi wakicheka.

Sajini akafungua mfuniko, akachomeka kijiti. Kikatoka kimelowa nusu. Akakinusa.

"Hii nini? Chai?"

Nikauchungulia mshale. NUSU! Mkia ulikuwa umekaa chini tena.

"Afande, huko juu ilikuwa imekwisha."

"Huko juu nakwisha, hapa narudi?"

"Ndiyo, afande."

"Nani naleta?"

Hajji alikuwa ameketi chini kando ya gurudumu, ameshika kichwa. Hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Ndipo Mama Furaha akapita katikati ya watu, amebeba beseni la maji. Akaliweka mbele yangu, akaliinua upande mmoja.

"Angalia, fundi. Nikiinamisha huku, mayi inakuya huku. Nikiinamisha kule, inaenda kule. Ile kitu yako uliweka fasi gani?"

"Nyuma, mama."

"Na ndege ikiangalia chini, petroli inaenda wapi?"

Juru nzima inanisubiri.

"Mbele, mama."

"Basi ulikuwa unapima nini? Petroli ao mukia?"

Jamani! Kuna mtu alianguka chini kwa kicheko. Sajini alishika baiskeli isimwangushe.

Tukarekebisha hapohapo. Nikalihamishia boya katikati ya tangi, Mama Furaha amesimama nyuma yangu akisema, "Bado. Bado. Hapo." Wanaume wanane wakanyanyua mkia mabegani, wakaushusha, wakaunyanyua. Mshale ukatikisika kidogo tu, ukatulia kwenye NUSU. Watu wakapiga vigelegele. Si kwangu. Kwake.

Ikabaki ile hukumu ya ndege. Hajji akasimama mbele ya sajini. Sajini akaizunguka ndege mara mbili, akatazama mistari ya maharagwe.

"Kambi nasema hapana tua. Hii hapana tua. Hii naanguka. Kuanguka hakuna mtu nakataza. Kwenda!"

Hajji alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Akapanda peke yake (hakuniuliza kama nakuja), akakimbiza ndege kwenye njia ya baiskeli, akapaa, akapotea upande wa Biharwe.

Mimi nimepanda upya maharagwe tuliyoyafyeka, mpaka jioni. Furaha aliniletea maji ya kunywa akiwa ameuma kanga asicheke. Mama yake alikuja kukagua mstari wa mwisho, akasema:

"Mutoto nitakupa. Umejua kulima. Lakini redio yangu usiiguse."

Kwa hiyo mjiandae, harusi ipo. Atakayetamka neno "geji" siku hiyo, hatakula pilau.