Waya Mnene wa Shemeji Conrad

Muhima, Kigali
Jumatano

Kwa Bwana Conrad Hirwa, Fundi Umeme, Kanombe

Nakala: dada yangu Gaudiose, ambaye kwa bahati mbaya bado ni mke wako

Shemeji mheshimiwa,

KUHUSU: KAZI ULIYOIFANYA NYUMA YA AMPLIFAYA YA MAMA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mikono yako ikiwa mbali na waya wa mtu yeyote. Nakuandikia kwa heshima zote anazostahili mume wa dada. Zilizobaki si nyingi, kwa hiyo nitazitumia kwa uangalifu.

Utakumbuka kwamba Alhamisi iliyopita ulikuja kwangu, bila kuitwa, na waya mnene kama kidole changu cha mwisho. Mimi niliuliza tu kama umekula. Wewe ukaitazama redio ya mama, na ile amplifaya yenye spika mbili kubwa anazosikilizia kwa kuwa masikio yake yamechoka. Ukatikisa kichwa kama daktari, ukasema, "Muramu, shemeji yangu, sauti iko inataka barabara kubwa." Ukang'oa nyaya zilizokuwapo, ukaweka zako. Ijumaa mchana spika zikanyamaza, na hadi leo hazijatoa hata mkwaruzo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkasi. Mimi ni fundi cherehani wa miaka ishirini na sita. Katika duka langu mkasi wa kitambaa haukati karatasi, haukati kamba, haukati kitu chochote kilichozaliwa bila pindo. Mke wangu Alida, niliyefunga naye ndoa kanisani, haugusi. Wewe uliuchukua ukachunia ganda la waya, tena huku unapiga mluzi. Sasa kila nikikata, kitambaa kinatafunwa. Jana mteja wa suti ya harusi aliniuliza kama nafuga mbuzi dukani.

2. Unene wenyewe. Matundu ya nyuma ya amplifaya ni madogo, hata mtoto anayaona. Fundi mwenye akili angenunua waya unaoingia. Wewe ulikata nusu ya nyuzi za shaba ili zilizobaki zipite. Yaani waya unatoka kwenye spika umenenepa kama mwenye hoteli, ukifika mlangoni umekonda kama mtu aliyetoka kuugua! Mimi nikishona suruali yenye kiuno cha inchi arobaini na mguu wa inchi nne, nitaitwa fundi au nitaitwa polisi? Hiyo barabara yako kubwa, shemeji, inaishia kwenye kichochoro.

3. Nilipochungulia nyuma ile Ijumaa, waya mwekundu ulikuwa nje ya tundu lake, unaning'inia. Waya uliofungwa vizuri hautoki wenyewe ukatembea. Nilikupigia simu, ukasema labda panya. Nyumbani kwangu hakuna panya, na hata angekuwapo, asingekosa adabu kiasi hicho. Sijaurudisha mahali pake, kwa kuwa ni ushahidi.

4. Hapa naomba uache kucheka, kama ulikuwa unacheka. Unajua kwamba mama yetu Mukagasana hutegemea redio kwa mambo mawili: misa ya Jumapili na matangazo ya vifo ya mchana. Wenzake aliokaa nao Bujumbura miaka yote ile ya ukimbizi, wakarudi naye, sasa ni wazee waliotawanyika. Hawana njia nyingine ya kupeana habari. Mukashema, aliyeuza naye vitambaa sokoni tangu wote wawili wakiwa wasichana, alitangazwa Ijumaa na kuzikwa Jumapili. Mama hakuwapo. Alida aliipata habari Jumatatu, kwa mwanamke mmoja kule Nyabugogo, ambaye aliuliza kwa nini Mukagasana siku hizi anajivuna. Tulipomwambia mama, hakulia. Aliitazama tu ile spika. Ndivyo ulivyomuumiza, Conrad, na hilo linaniuma mimi pia.

5. Kutokana na hayo yote, nimelazimika kulitazama upya suala la ndoa yenu. Siku ya kuposa, msemaji wa ukoo wenu alisimama mbele ya wageni akasema kwamba kijana wao hakuna kilichotengana asichoweza kukiunganisha. Tulimwamini, tukapokea ng'ombe, tukatoa dada. Sasa imedhihirika kwamba kijana wenu hawezi kuunganisha nyaya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi, zenye rangi makusudi ili watu kama yeye wasipotee. Kama waya umetoka kwa siku moja, ndoa inashikiliwa na nini? Naomba Gaudiose arudishwe nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi, na sanduku lake. Ng'ombe tutamrudisha pia, ingawa ana tabia nzuri kuliko wewe na tumemzoea.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi, kwa kuwa kwenye simu unapiga mluzi.

Wasalimie watoto, msalimie jirani yako mwanajeshi na mkewe, wasalimie wote wa Kanombe ambao bado hujawafungia umeme.

Wako katika subira,
Frederick Niyonzima
Fundi Cherehani

N.B. Nilimsomea mama barua hii kwa sauti kubwa, ili aweke sahihi chini ya yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakataa kalamu. Ule waya aliuchomoa yeye. Anasema kabla yako redio ilikuwa inakwaruza, majina yanasikika nusunusu, naye alikuwa anajiambia kwamba ni mtu mwingine, Bujumbura ilikuwa na watu wengi. Ijumaa, kwa waya wako, alisikia jina lote la Mukashema, na la baba yake, na saa ya mazishi. Hapo hapo akauchomoa waya, na Jumapili miguu ikakataa kwenda. Kwa hiyo kazi yako, shemeji, ilikuwa safi kupita kiasi, na mama alikaa na habari ile peke yake siku tatu. Njoo Jumapili uunganishe tena. Amekubali, ila matangazo yakianza hataki kuachwa sebuleni peke yake. Anayemwacha ni mimi. Kila siku saa ile ikifika nasema nina kitambaa cha kukata, natoka.