Antena ya Kubana Mafuta

Walimwita Tundu, na si kwa sababu ya utundu peke yake. Alikuwa na drili ya betri, na paa la gari lolote alilitoboa tundu safi, la mviringo, lisilo na mkwaruzo. Mkono wake ulikuwa mwaminifu. Tapeli alikuwa ulimi.

Asubuhi hiyo alisimamisha pikipiki yake mbele ya duka la kinyozi, akamwona mama mmoja, mnene wa mwili na wa mapambo, ameegemea gari jeupe akijipepea kwa leso. Tundu alimtazama kama paka aliyeona jiko limeachwa wazi. Akamwamkia kwa unyenyekevu, akalisifu gari, kisha akalisikitikia: gari zuri namna hii, halina antena ya kubana mafuta? Akamweleza kwamba antena hiyo hunyonya unyevu wa hewani na kuilisha injini, mshale wa mafuta ukabaki palepale. Antena yenyewe aliing'oa kwenye redio mbovu, akaipiga msasa ikameta.

Mama alisikiliza kinywa wazi. Akasema yeye anataka mbili.

Tundu akabandika utepe wa karatasi juu ya paa, drili isije ikateleza na kuchubua rangi. Akatia alama kwa msumari, akaanza na ncha nyembamba, akafuatisha nene, akasugua kingo kwa tupa na kuzipaka rangi zisiote kutu. Hata malaika wa mapaa ya magari, kama yupo, asingepata la kusema.

Ndipo mama akapekua mkoba, akaguna. Pochi ameisahau nyumbani.

"Mdogo wangu, niazime pikipiki, naenda narudi. Gari si hili hapa? Baki nalo."

Tundu aliuma mdomo asicheke. Gari kwa pikipiki! Alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akamsihi aende taratibu, maana haraka haraka haina baraka. Moyoni alikwisha kutafuta mnunuzi wa gari.

Mama alipokata kona tu, akatoka kwa kinyozi bwana mmoja mpana kama kabati, shuka la kunyolea shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Akatazama paa. Akamtazama Tundu.

"Nani kakutuma kwenye gari langu?" akauliza kwa upole wa kutisha.

Ulimi wa Tundu ulikuwa umeshatangulia. Akampa bwana hongera, akamweleza unyevu, injini na mshale usioshuka. Bwana alimsikiliza mpaka mwisho, akapitisha kidole kwenye shina la antena, akakiri kwamba kazi ni safi. Kisha akafungua mlango.

"Ingia, fundi. Taa ya mafuta inawaka tangu jana. Tutazunguka. Yakiisha, unasukuma."

Yaliisha kwenye kilima.

Tundu alisukuma, jasho likimdondoka puani, akimlaani yule mama na, kwa siri, akimhusudu. Bwana alishika usukani, shuka lingali shingoni. Mwenye duka mmoja akatoka barazani kuzishangaa zile antena zinazometameta, akauliza aliyezifunga ni fundi gani. Bwana akaonyesha nyuma kwa kidole gumba.

Tundu akainua uso, akahema, akameza mate.

"Na wewe, mzee wangu," akasema, "una gari?"