Paka Wawili, Makufuli Mawili

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Bi Mkubwa hasikii tena, sikio la kulia wala la kushoto. Ametamka hivyo Abel, daktari wa mifugo, saa nne asubuhi, baada ya kugonga sufuria mara tatu nyuma ya kichwa chake. Aliyeruka ni mimi.

Agizo la daktari: paka huyu asitoke nje tena. Ana miaka kumi na mitatu, na barabara yetu hapa Nyahanga haikauki bodaboda. Hatazisikia. Paka wetu wa pili, Nyapara, ni dume la miaka miwili, na kwake mambo ni kinyume. Asipotoka asubuhi na jioni, hukojolea makochi.

Mke wangu Mwahija ameondoka na basi la saa saba kwenda Mwadui kwa dada yake, Safiya, kusaidia maandalizi ya harusi. Atarudi Jumamosi. Akiwa mlangoni na begi amenikumbusha utaratibu wake: Bi Mkubwa anafungiwa chumbani, Nyapara anafunguliwa mlango wa nyuma, akishatoka mlango unafungwa, Bi Mkubwa anaachiwa. Dakika mbili. Akaongeza kwamba Bi Mkubwa akikanyaga barabara hata mara moja, anamhamishia Mwadui, na huko hataki kuniona na bisibisi yangu.

Bi Mkubwa amelala kwenye miguu yangu kila siku tangu mwaka 2012. Naliandika hilo kama taarifa tu.

Utaratibu wa Mwahija hauna kumbukumbu. Hakuna daftari. Hakuna ubao. Hakuna hata sahihi! Mimi nimekaa miaka kumi na saba kwenye geti la mgodi kule Bugarama. Watu mia nne kila zamu, wakiingia na kutoka, na sikupoteza hata mmoja. Mkataba uliisha Juni. Sasa paka wawili ndio wanishinde?

Jumanne, 9 Septemba

Saa mbili nimefika kwa Sameer, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Bawaba, misumari, waya wa kuku. Aliuliza najenga nini. Nikamjibu kwamba naweka mfumo wa kudhibiti kuingia na kutoka. Aliuliza wa akina nani. Nikasema wa paka. Akamwita mkewe Varsha atoke stoo aje asikie mwenyewe.

Saa tano nimekata kilango sehemu ya chini ya mlango wa nyuma, ule wa jikoni, sentimita ishirini na mbili kila upande. Nyuma ya mlango huo kuna kikorido cha hatua nne, kisha geti la nondo la kutokea uani. Jikoni, usawa wa macho kama kanuni inavyotaka, nimetundika ubao. Misumari ya kijani: NDANI. Misumari myekundu: NJE. Kila paka ana kitambulisho chake, na chini ya ubao kuna daftari la geti. Kule mgodini hesabu ya ubaoni isipotimia, baruti hailipuliwi, hata bosi mkubwa apige kelele vipi.

Jirani yangu Eliya amechungulia getini bila kualikwa. Alikuwa idara ya usalama mgodi huohuo. Amesema mfumo wangu hauna tathmini ya hatari. Nikamkumbusha kwamba kazi yake ilikuwa kugawa kofia. Akanikumbusha kwamba yangu ilikuwa kupapasa watu mifukoni. Tumeachana kwa adabu.

Jumatano, 10 Septemba

Nyapara amekaa mbele ya kilango dakika arobaini. Kakitazama. Kanitazama mimi. Kaenda kulala juu ya friji.

Nikaona ni suala la mafunzo. Nimelala kifudifudi nikapitisha kichwa kilangoni ili aone. Kichwa kimepita. Kukirudisha kumechukua dakika kumi na moja.

Muda wote huo Bi Mkubwa alikuwa amekaa pembeni akifuatilia. Saa nane mchana akasukuma kilango kwa mguu mmoja, akapita, akarudi, akapita tena. Mara sita! Nimemkuta getini, kichwa tayari kiko katikati ya nondo. Nimemvuta. Kanikwaruza mkono wa kulia, mistari mitatu. Daftarini: jaribio la kutoroka, limezuiwa.

Kwa ufupi, anayetakiwa kutoka amegoma, na asiyetakiwa kutoka amefaulu mafunzo.

Jioni Nyapara katoka kwa kuruka dirishani. Wakati wa kurudi nimeendesha upekuzi wa bahati nasibu kwa vifuniko vya soda ndani ya kofia: chekundu unapekuliwa, cheupe unapita. Nimechota kwa niaba yake. Chekundu. Amekutwa na kichwa cha sangara mdomoni! Nimekipeleka mbio kwa Mbuke, mama anayekaanga samaki mbele ya nyumba yetu, kama kielelezo cha wizi. Mbuke amesema kichwa hicho alimpa yeye mwenyewe, kama anavyompa kila jioni. Kisha akaniuliza kwa upole kama nimekula leo.

Alhamisi, 11 Septemba

Mfumo umesimamishwa kwa marekebisho. Kilango nimekipigilia ubao, madirisha yote nimeyafunga. Nyapara hakutoka asubuhi. Kufikia saa tatu alikuwa amekojolea vitambaa vitatu vya makochi na koti langu la kazi, lile lenye jina mfukoni.

Mwahija kapiga simu. Nimemwambia hali ni shwari. Aliuliza mbona nahema. Nilikuwa nafua.

Katikati ya kufua likanijia. Milango miwili! Kule mgodini huwezi kuukuta wa pili wazi kabla wa kwanza haujafungwa. Kikorido tunacho tayari. Kinachokosekana ni makufuli.

Sameer aliponiona tu akauliza kama paka wangu wana kesi mahakamani. Nikataka makufuli mawili, yale ya kujifunga yenyewe ukibana. Akauliza kama aongeze na la panya. Varsha alikuwa ameshatoka stoo bila kuitwa.

Nimefunika geti la nondo kwa waya wa kuku, nikaacha kitundu chini chenye kibao cha kunyanyua, cha Nyapara peke yake. Kila kufuli lina ufunguo mmoja na karatasi yake: USIKATE. MWENYEWE YUKO KAZINI. Ndiyo kanuni iliyotuweka hai. Kufuli la mtu halifunguliwi na mwingine.

Ijumaa, 12 Septemba

Jaribio rasmi. Naandika kwa mpangilio kwa sababu yatasemwa mengi.

Saa nne na dakika tano nimetoa ule ubao uliopigiliwa kwenye kilango. Geti la uani limefungwa kwa kufuli, kibao cha kitundu kimenyanyuliwa. Saa nne na dakika nane nimetundika kitambulisho changu ubaoni pamoja na kila kitu cha chuma, maana kanuni ya geti ni kwamba hakuna anayeingia na chuma mwilini. Saa. Mkanda. Simu. Funguo. Saa nne na dakika kumi nimeingia kikoridoni na Nyapara mkononi, nikavuta mlango wa jikoni, nikabana kufuli.

Lilipolia tu nikajua.

Mkono nimeupitisha kilangoni mpaka begani. Umefika kwenye mguu wa meza. Ubao uko usawa wa macho.

Saa nne na robo Bi Mkubwa kapita kilangoni. Kakanyaga mguu wangu wa kushoto, kainama, katoka kwenye kitundu cha Nyapara. Nimepiga kelele. Yeye ni kiziwi. Nyapara alikuwa amelala mkononi mwangu.

Wa kwanza kusikia ni Eliya. Kaja na mkasi wa kukatia vyuma, katoa miwani, kasoma ile karatasi. Kisha kauweka mkasi chini. Kwa maelezo yake, kufuli la mtu hukatwa tu ikithibitika kwa maandishi kwamba mwenyewe hayupo eneo la kazi. Mimi nipo. Ananiona. Nikamwambia mwenyewe ndiye ninayemruhusu akate. Akasema ruhusa ya mdomo haitambuliki, na ya maandishi inahitaji sahihi ya msimamizi wa zamu.

Naandika kwa uchungu: yuko sahihi. Ningekuwa yeye nisingekata.

Mbuke kaja kuona kelele ni za nini. Kajitolea kutia sahihi yeye. Eliya kamuuliza ana cheti gani. Kajibu kwamba cheti hana ila akili anayo, na kama wanaume wawili wazima wanashindwa na kufuli moja basi huo mgodi ulikuwa na bahati sana. Mara akageuka kutazama barabarani. Sauti aliyoitoa imesikika mpaka msikitini: “Mzee Akida! Bibi yako yuko katikati ya lami anajilamba!”

Kutoka kikoridoni barabara haionekani. Nimesikia tu. Bodaboda ya kwanza imemkwepa. Ya pili imefunga breki mpaka ikalala chali. Dereva kasimama akijipangusa vumbi, akamtukana Bi Mkubwa kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Hakuna tusi lililomfikia. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema paka yuko hai au la. Nilimweka Nyapara chini, nikashika waya wa geti kwa mikono yote miwili. Kisha Mbuke akatokea kwenye kona ya nyumba, Bi Mkubwa kwapani na kichwa cha sangara mdomoni.

Swala ya Ijumaa imenipita.

Saa saba na nusu Mwahija kafika, siku moja kabla, kuchukua masufuria makubwa ya harusi. Kapitia mlango wa mbele. Mlango wa mbele ulikuwa wazi tangu asubuhi! Mimi, Eliya na Mbuke, hakuna aliyeufikiria. Funguo kazitoa ubaoni akanipitishia kwenye kilango. Daftarini: kilango kimefanya kazi.

Kamtazama Bi Mkubwa mapajani kwa Mbuke. Kanitazama mimi. Kisha kamchukua Bi Mkubwa, kaingia naye chumbani, kafunga kwa ufunguo. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza.

Jumamosi, 13 Septemba

Hukumu imetolewa saa moja asubuhi, jikoni, Mwahija amesimama. Bi Mkubwa anahamia Mwadui kesho. Atakaa kwa Safiya mpaka nipate kazi. Nimeuliza kazi gani. Yoyote, kasema, ilimradi nisishinde nyumbani. Nyapara atasimamiwa na Mbuke. Mimi sina ruhusa ya kugusa mlango wowote isipokuwa wa mbele, na huo kwa kutokea tu.

Nimeandaa pingamizi, kurasa mbili. Mwahija kalitandika kwenye boksi la kumsafirishia Bi Mkubwa. Daftari la geti nalo kalichana likafuata hukohuko. Kasema angalau sasa litaingia kitu cha maana.

Jioni katumia utaratibu wake. Mmoja chumbani, mwingine nje, mlango, basi. Nimepima kwa saa: dakika moja na sekunde hamsini. Imefanikiwa. Lakini haina kumbukumbu, kwa hiyo haiwezi kuthibitishwa.

Jumapili, 14 Septemba

Wameondoka na basi la saa tatu. Boksi lina matundu kumi na manne ya hewa. Nimeyahesabu mara mbili. Bi Mkubwa alitoa mguu kwenye mojawapo, ule wa kilangoni, mpaka kondakta akafunga buti. Nimemuuliza Mwahija kama naweza kuja kumwona siku moja. Kasema tutaona.

Mbuke kamtoa Nyapara saa kumi na mbili na kumwingiza saa mbili. Huku akikaanga samaki. Bila ubao.

Kitambulisho cha Bi Mkubwa bado ninacho. Nimekijaribu kwenye NDANI, nikakijaribu kwenye NJE. Ubao hauna msumari wa Mwadui. Miguu yangu ni ya baridi leo.

Saa kumi jioni nimefunga uchunguzi wa ajali. Chanzo siyo mfumo. Chanzo ni ufunguo kutokuwa na nakala! Nimepita kwa Sameer na kasoro imerekebishwa: kila kufuli sasa lina funguo mbili. Zote mbili zitatundikwa ubaoni.

Na nimetafakari jambo jingine. Harusi ni Jumamosi ijayo. Kwa mujibu wa Mwahija mwenyewe, waalikwa ni mia mbili na nyumba ya Safiya ina milango minne. Watu mia mbili wanaingia na kutoka, milango wazi, na ndani kuna paka kiziwi! Hakuna aliyewaza. Nimeongeza makufuli manne. Eliya nimemweleza. Kasema hilo haliwezekani bila tathmini ya hatari, na kwamba anazo kofia mbili.

Tunatoka Ijumaa, 19 Septemba, basi la saa tatu asubuhi. Kazi ya kukata vilango inaanza Mwadui saa nane mchana. Mwahija hajajulishwa.