Siku Thelathini kwa Mkwe ni Nyingi Mno

Nesipkul Berdikyzy,
Kijiji cha Sarytogay,
Ukingoni mwa mto, upande wetu.

Kwa Mheshimiwa Ermukhan Tursynuly,
Mbunge,
Mji Mkuu.

YAH: KUUNGA MKONO MUSWADA WAKO, NA KULALAMIKA KWAMBA NI LAINI MNO

Mheshimiwa Mbunge,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe, mama watoto wako, wanao, na mifugo yenu, kama huko maghorofani bado mnaruhusiwa kufuga. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa jambo hili ninalokuandikia.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mwenye ng'ombe wanne, mume mmoja na mtoto mmoja wa kiume. Jumanne iliyopita niliingia ndani na ndoo ya maziwa, nikakukuta kwenye televisheni ukiutetea Muswada wa Kulinda Soko na Mipaka dhidi ya Nchi Zinazoendelea. Ulisema bidhaa za majirani maskini zitozwe ushuru, na watu wao wasikae kwetu zaidi ya siku thelathini kwa mwaka. Mheshimiwa, nilipiga makofi ndoo ikiwa bado mkononi. Maziwa yalimwagika hadi kwenye soksi za mume wangu Sagyndyk, nami wala sikujali. Nikamwambia, "Mzee, hatimaye Bungeni kumepatikana mtu anayemjua Burulkan!"

Burulkan ni mkwe wangu, mama mzazi wa Begimai, mke wa mwanangu. Yeye ni Mkirigizi, sisi ni Wakazaki, na kati yetu kuna mto ambao wakati wa kiangazi hata kuku huuvuka bila kulowa kifua. Begimai ana mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza. Basi Burulkan amepiga simu na kusema, nanukuu neno kwa neno: "Mkwe wangu mpenzi, niandalie godoro. Nakuja kumlea mtoto mpaka atimize arobaini. Wewe pumzika tu, umri umekwenda." Umri umekwenda! Tumepishana miezi mitatu, na aliyetangulia kuzaliwa ni yeye.

Mjukuu huyu nimemngoja miaka sita. Nasema wazi bila aibu: nataka kumwogesha mimi, kumbembeleza mimi, na akifumbua macho, bibi wa kwanza kumwona niwe mimi. Ndiyo maana nauunga mkono muswada wako kwa mikono miwili. Ila nimeusoma wote, kurasa arobaini na moja alizonichapishia mwalimu wa shule yetu, na nimeona umemwachia adui mianya mingi. Naitaja kwa heshima zote.

1. Siku thelathini ni nyingi mno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe ninalo, tatizo ni kwamba Burulkan ukimpa jembe analima! Mwaka juzi alikuja kwa siku nne, akapalilia shamba langu lote la viazi kabla sijaamka, kisha akaniuliza mbele ya jirani, "Hivi mkwe, huku kwenu magugu huwa mnayafuga?" Naomba kifungu cha tano kisomeke siku tatu, na hizo tatu zisifuatane.

2. Muswada unatoza ushuru bidhaa zinazouzwa, lakini haugusi zinazotolewa zawadi, na magendo makubwa yako huko. Unajua mwenyewe kwamba mkwe haendi kwa mkwe mikono mitupu, na aliyepewa lazima arudishe kilicho kikubwa zaidi. Siku ya harusi Burulkan alinipa zulia la sufu. Nikajibu kwa koti la mahameli. Akajibu kwa koti la Sagyndyk, lenye ukosi wa manyoya ya mbweha. Nikajibu kwa kondoo wawili wenye mikia minene. Vuli iliyopita akanitokea uani na mtoto wa farasi, kamfunga utepe mwekundu shingoni, huku anatabasamu. Sasa nimjibu kwa nini? Nimebakiwa na trekta la mume wangu, nalo gurudumu moja la nyuma halina. Nchi inayoendelea imenishinda ndani ya ua wangu mwenyewe. Naomba ushuru wa asilimia mia mbili kwa chochote kilichofungwa utepe.

3. Tambi. Nyama yetu ya kuchemsha tunaila juu ya tambi pana, moja inatosha kufunika kiganja. Wao wanazikata nyembamba kama uzi wa kushonea. Kabla hajasafiri, mwanangu Madiyar alikula sahani tatu za Burulkan, akajipangusa midomo na kusema, "Mama, hizi zinateleza zenyewe!" Nilimzaa, nikamnyonyesha miaka miwili, nikamuuguza surua. Hili ndilo ulilolisema kwenye televisheni, kwamba bidhaa za nje zinaua viwanda vya ndani. Kiwanda cha ndani ni mimi, Mheshimiwa, na ninakufa.

4. Mgeni wetu haondoki karamuni bila kufungiwa chakula cha kupeleka nyumbani. Burulkan ana wajukuu kumi na mmoja, na wote anawafungia. Bandu bandu huisha gogo: sikukuu ya mwaka mpya nilichinja farasi, na jioni nilibaki na kwato moja na shukrani nyingi. Nyama yetu inavuka mto kwenye mifuko ya plastiki bila muhuri wala risiti. Naomba askari wa kupima mifuko.

5. Naomba nipatiwe cheti kinachothibitisha kwamba nchi yetu imeshaendelea, chenye maandishi makubwa, nikitundike ukutani. Sababu ni hii. Nyumba ya Burulkan ina bomba la maji jikoni na choo ndani. Choo chetu kiko nyuma ya banda la ng'ombe, na wakati wa baridi tunakwenda wawili wawili, mmoja akishika tochi na mwingine akimfukuza jogoo. Mimi najua kwamba ni choo cha nchi iliyoendelea, kwa sababu nilikusikia, lakini mgeni hawezi kutambua kwa kukitazama tu.

6. Hili ni la haraka. Mwanangu Madiyar yuko Korea, miezi mitano sasa, anapanga samaki kwenye makopo. Juzi kanipigia na kuniambia kwamba huko nako kuna mbunge mwenye muswada, anataka wafanyakazi kutoka nchi zinazoendelea wapunguziwe muda na warudishwe kwao. Nikamwambia, "Wewe usijali, mwanangu, hayo hayakuhusu, wanawasema wengine." Akacheka muda mrefu sana, mpaka salio lake likaisha. Mheshimiwa, naomba umwandikie mbunge mwenzako barua kali. Mwulize anamaanisha nani. Huwezi kumfukuza kijana aliyeacha mke mjamzito nyumbani eti kwa sababu ya mahali alipozaliwa! Watu wengine hawana utu kabisa.

7. (Kama si la nane. Hiyo Korea imenivuruga.) Nyimbo. Muswada umekagua nyama, ngozi, viazi na saruji, lakini nyimbo za kubembelezea watoto zinapita mpakani kooni, bila kuonekana. Burulkan anazo zaidi ya thelathini. Begimai huziimba akikamua, na sasa ng'ombe wangu mwekundu hatoi maziwa akiimbiwa kwa lafudhi yetu. Naomba makoo yakaguliwe. Atakayekutwa na wimbo aukabidhi, au auimbe wote pale mpakani mpaka uishe, ndipo apite.

8. Linalofuata ni zito. Kifungu cha kumi na mbili kinasema bidhaa iliyotengenezwa hapa nchini kwa malighafi ya nje itatozwa kama ya nje iwapo sehemu ya kigeni inafika nusu. Nimekisoma mara nne, nikamtazama Begimai, nikakisoma tena. Mheshimiwa, mjukuu wangu ni nusu! Naomba aandikwe kwa jina kwamba ameruhusiwa. Pua tayari najua itakuwa ya kwetu. Masikio nipo tayari kuwaachia, kwa moyo wa ujirani mwema.

Na kwa kuwa mipaka ya nchi ni mirefu na maofisa ni wachache, natoa pendekezo la mwisho ambalo halitaigharimu serikali kitu. Ua wangu utangazwe kuwa kituo cha forodha. Nipewe muhuri, kofia na kiti kirefu. Nitakaa getini mwenyewe. Mkwe akifika, nitamwambia kwa adabu zote, "Karibu sana, tumbo lako limeshalipiwa, lakini mdomo una kibali?" Sagyndyk kasoma hapa juu ya bega langu, akaniambia, "Mama Madiyar, ukiituma barua hiyo nahamia ng'ambo, nikale tambi nyembamba." Nimemjibu kwamba watampa siku thelathini.

Ninamaliza hapa ili nisikuchoshe. Nisalimie mkeo na umwambie nimependa kilemba alichovaa siku ya kiapo. Msalimie mama yako mzazi, magoti yake yapate nafuu. Wasalimie wabunge wote wa upande wako, na wa upande mwingine pia, lakini kwa ufupi. Sagyndyk anakusalimu, ingawa amekataa kusema hivyo.

Ni mimi, raia mtiifu wa nchi iliyokwisha kuendelea,

Nesipkul Berdikyzy

Nyongeza:

Mheshimiwa, hayo ya juu niliyaandika juzi. Isome barua, lakini usitekeleze hata mstari mmoja. Ningeichana, ila sina karatasi nyingine, na hapa nilipo naandikia kwenye dirisha la afisa wa mpakani.

Begimai alishikwa na uchungu jana asubuhi, wiki tatu kabla ya siku zake kutimia. Nilimfikisha zahanati kwa gari la mwalimu. Nilimshika mkono siku nzima. Nilimfuta jasho, nilimsugua mgongo, nilimpa chai, nilimwambia maneno yote mazuri niliyo nayo. Alinishukuru kwa kila moja, mtoto ana adabu yule, kisha akageuka ukutani na kumwita mama yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilipomzaa Madiyar mto ulikuwa umefurika, mama yangu hakuweza kuja, na ukuta niliougeukia ulikuwa wa rangi ya kijani. Miaka thelathini na moja imepita na hata leo siipendi rangi ya kijani.

Nikampigia Burulkan nimwambie aje upesi. Kumbe yuko mpakani tangu juzi! Alipata hofu tu moyoni, akafunga mizigo na kuja. Afisa kijana akamwuliza atakaa siku ngapi, akajibu arobaini. Akamwambia, "Mama, hukutazama televisheni? Mwisho thelathini, sheria inakuja. Rudi nyumbani." Na wewe unamjua sasa. Angeweza kusema kumi. Angeweza kusema anakwenda kununua sukari. Akasema, "Mjukuu ana siku arobaini, mwanangu, hizo kumi nimwibie nani?" Akaketi juu ya magunia yake mpaka leo.

Mtoto alizaliwa alfajiri. Nilimwona mimi wa kwanza, kama nilivyotaka, na nilipomwona nikatafuta mtu wa kumgeukia nimwambie, "Mkwe, hebu tazama," nikakuta ukuta. Begimai hataki kula. Amesema mtoto hapewi jina mpaka mama yake yeye Begimai afike. Basi nimetembea mpaka huku. Burulkan aliponiona alisimama ng'ambo ya kizuizi na kuniambia, "Ee mkwe, mbona umekonda hivyo, hujala?" Halafu tukalia wote wawili, yeye kwao na mimi kwetu, kizuizi kikiwa katikati yetu. Nilimfokea afisa kwa maneno ambayo sitayaandika. Kijana wa watu kakosa pa kutazama. Anasema hawezi kitu bila neno kutoka kwa mkubwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa: suyinshi! Wewe ni mtoto wa Kikazaki, umelelewa, unajua kwamba aletaye habari njema akishatamka neno hilo hanyimwi anachodai, hata kiwe farasi wa mwisho zizini. Habari ndiyo hii. Msichana, kilo mbili na nusu, mzima, nywele tele. Pua ni ya Burulkan. Nje ya ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Sitaki farasi, wala koti. Sasa hivi mpigie simu huyu kijana wa dirishani, mwambie afungue kizuizi, siku arobaini na nyingine nyingi kadiri mkwe wangu atakavyotaka. Suyinshi yangu yenyewe ni ule muswada. Niletee wote, kurasa arobaini na moja, pamoja na nakala. Nina mgeni anakuja, na samovari yangu ya chai haina cha kuwashia moto.