Memori Mpya ya Mama Dafrosa

Xavery alikuwa na shida moja tu, nayo ilikuwa ya lita ishirini. Mzee Kashindye wa Lusu, baba yake Adelina, alikuwa ametamka wazi: bila ndoo ya asali ya msituni, ya kutengenezea wanzuki, pombe ya sherehe, posa ingelala mlangoni. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, leo Alhamisi, na mali yote ya Xavery ilikuwa bisibisi na ulimi.

Kwa hiyo alipopita Itetemia, mjini Tabora, akasikia vijana wakipiga kelele, "Imestaki tena!", alisimama kama aliyeitwa jina. Kelele zilitoka kwenye banda la gemu, na pembeni ya mlango zilipangwa ndoo sita za asali. Wacha Mungu huliita jambo kama hilo baraka. Xavery naye aliliita hivyo hivyo, bila haya.

Mwenye banda, Mama Dafrosa, alikuwa mrina asali wa siku nyingi. Kompyuta aliachiwa na mwanawe aliyehamia Dodoma: kasha kubwa lenye taa za rangirangi kama ukumbi wa harusi, ila la zamani. Kila mchezaji akibaki yeye na golikipa, picha inaganda. Wateja walikuwa wameanza kuhama, na jambo hilo lilimnyima mama usingizi.

"Shikamoo mama. Fundi nimefika."

"Marahaba baba. Nani kakuita?"

"Kompyuta yenyewe, mama. Inalia."

Aliketi kwenye benchi. Benchi lilichongwa mikato miwili na nukta. Ndoo nazo zilikuwa na mikato miwili na nukta. Ufagio hali kadhalika.

"Mama, hata ufagio?"

"Ndiyo alama ya mizinga yangu. Mzinga usio na alama ni wa mpita njia."

Xavery akacheka, akafungua kasha, akachomoa memori mbili, nyembamba kama vipande vya rula. Akazinusa. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Zimechoka, mama. Hizi ni GB nne na nne, jumla nane. Gemu za leo zinataka kumi na sita. Nikuletee mpya?"

"Kwa bei gani?"

"Wewe ni mama yangu, sitaki hela. Ndoo moja ya asali inatosha."

Mama Dafrosa akamtazama. "Fundi asiyetaka hela! Haya, kalete."

Xavery akaenda na zile memori hadi karibu na stesheni, akaagiza kahawa, akatoa kifutio cha shule. Akasugua meno ya zile memori mpaka yakang'aa, akazibandika stika mpya, akazitia kwenye boksi lililoandikwa "16", ambalo alikuwa ameliokota kwenye taka nyuma ya duka. Migongoni zilikuwa na vidoa vya rangi ya kucha, nyekundu. Alivikwangua, vikagoma, akaviacha. Tuseme haki: kusugua nako ni kazi.

Aliporudi, Mama Dafrosa alivaa miwani. "Nizione kwanza." Akazigeuza mbele, akazigeuza nyuma, taratibu.

"Mpya kabisa," akasema.

"Za leo leo, mama. Boksi litunze, ndiyo garantii."

Xavery akapuliza vumbi la miaka mitano ndani ya kasha, akachomeka, akawasha. Maajabu! Mchezaji akabaki na golikipa, akapiga, wavu ukatikisika, na picha haikuganda. Banda likalipuka kwa shangwe. Vumbi ndilo lililokuwa likiifanya kompyuta ipate joto na kuganda, lakini Xavery alikaribia kuuamini uongo wake mwenyewe.

Mama aliingia ndani kumimina asali, akakawia. Alipotoka alifunua ndoo: asali nyekundu, kipande cha sega juu yake. Akamnyooshea kijiti kirefu.

"Chovya. Kwetu asali hupimwa kwa kijiti mpaka chini."

Mtu aliyemuuzia mwenzake mali yake mwenyewe hapendi kueneza desturi ya kupima. Xavery akaweka mkono kifuani. "Mama, mimi na wewe ni wa kupimana?"

"Haya baba. Mimi nimekuambia."

Jumamosi, kule Lusu, mshenga alisema yake na Xavery akasema mara mbili yake. Mzee Kashindye alipoiona ndoo, uso ulimchanua.

"Alama hii naijua. Miaka thelathini sijasikia asali yake ikilalamikiwa."

Xavery akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kana kwamba alama ni yake. Mzee akachukua kijiti, akachovya. Kikazama vidole vinne, kikagota. Akachovya upande wa pili. Kikagota. Asali ikahamishiwa kwenye sufuria, na chini yake kukatokea furushi la nailoni lililojaa udongo wa mfinyanzi. Juu ya furushi, kwenye kimfuko chake safi, kulikuwa na boksi lililoandikwa "16".

"Yule mama kani..." Xavery alianza, akakoma. Angesema kapigwa, ingebidi aseme kwa nini.

"Mwenye alama hii hatii udongo," mzee akasema. "Basi katia nani?"

Xavery akanyoosha mkono kulichukua lile boksi. Akachelewa.

Adelina, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la stationari Nzega, aliliokota boksi akalifungua. Ndani, kwa rangi nyekundu ya kucha, palichorwa mikato miwili na nukta. Xavery akakumbuka vile vidoa. "Kumbe na memori zake alizitia alama!" yakamponyoka.

"Xavery! Umemuuzia mtu memori yake mwenyewe?" Adelina akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika. "Nimesimama jikoni tangu alfajiri kwa ajili yako."

Maneno hayo yalimuuma kuliko aibu yote.

"Rudi Tabora," mzee akaamua. "Kamwekee ya kweli. Ndoo atakayokupa kwa hiari yake, hiyo nitaipokea."

Xavery aliuza simu yake, akanunua memori ya kweli, akaichomeka mbele ya macho ya Mama Dafrosa, baada ya mama kuipaka alama.

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe ulipokataa kijiti. Nilijua utarudi."

Akaingia ndani, akatoka na ndoo iliyojaa, akaitua miguuni pake, akageukia wateja wake. Xavery aliitazama ile asali, akaitazama ile alama, akakohoa.

"Samahani, mama," akasema. "Kile kijiti kiko wapi?"