Majani ya Fidele

Jumatatu, 6 Julai 1987. Mabira.
Bwana mifugo Rwezaura ametangaza leo: mtamba wa maziwa ni mmoja tu, atapewa mwenye majani makavu bora ya mlimani. Tumebaki wawili, mimi na jirani yangu Fidele. Ukaguzi Ijumaa. Rwezaura anasema majani yakikatwa yanapoanza kuchanua yana lishe; yakizeeka yafaa kuezekea. Fidele alikata Mei. Yake yana kunde za porini ndani, bado kijani, yananukia. Mimi nilikata jana. Zizi langu tupu tangu mwaka juzi. Nashukuru Mungu kwa kunipa akili.

Jumatano, 8 Julai.
Nimemwambia Fidele mama mkwe anakuja, sina nyasi laini za kutandika sakafuni. Uongo. Lakini nani huku kwetu humnyima jirani nyasi za mgeni? Kaleta matita manne, kabakiza moja. Kaomba radhi kwamba ni machache! Mtu mwema sana. Ijumaa alfajiri nayahamishia bandani kwangu.

Alhamisi, 9 Julai.
Mke wa Fidele kampongeza Costansia wangu njiani kwa ujio wa mama yake. Costansia kafika nyumbani, kaona matita, kalia. Kasema miaka kumi na minane ya ndoa alidhani simjali mama. Katuma mtu Kaisho kumwita.

Ijumaa, 10 Julai.
Majani yalitandikwa jana ileile, nyumba nzima. Mama mkwe kafika mapema, kakaa katikati, kanyoosha miguu. Nani humwambia mama mkwe asimame? Rwezaura akaingia, akamwamkia shikamoo, akachomoa jani karibu na goti lake, akalinusa. Akauliza kayakata nani. Nikakohoa. Costansia akawahi: "Ni ya Fidele. Kamtandikia mama. Jirani kama huyu tungempata wapi?"
Fidele kapata mtamba.

Jumapili, 12 Julai.
Fidele kaja kunishukuru! Anasema bila nyumba yangu majani yake yasingeonekana vile. Ndama jike wa kwanza ni wangu, mradi Rwezaura aridhike na akiba yangu ya majani. Nimeshukuru kwa dhati. Mama mkwe kaniombea baraka. Costansia hajanigombeza siku tatu.
Rwezaura atakuja kukagua tarehe 20. Nimeshamwarifu Athanasi, jirani wa upande wa pili, kwamba shangazi yangu anafika tarehe 19.