Faili la Magamba

Jumatatu, 8 Juni

Nimechoka. Paa la masjala linavuja tena. Tumehamisha mafaili yote kutoka rafu za dirishani hadi rafu za mlangoni, mimi na mgongo wangu. Bosi akapita, akasema kazi nzuri, akaondoka na kiti changu.

Nyumbani saa kumi na moja. Nikawasha gemu. Magamba kaniua mara tatu, na ukiuawa mara tatu mawindo yamekwisha, unarudishwa kambini umebebwa kama gunia. Hayo ni mawindo ya thelathini na nane. Yote yamo kwenye faili: jalada la kijani, kurasa zenye namba, kila pigo la mkia na saa yake. Dubwana hilo likifanya jambo jipya, nasimamisha gemu, naandika, naendelea. Karani ni karani hata porini.

Sasa balaa. Mwezi uliopita binti yangu wa darasa la sita aliniuliza kama nimeshamuua Magamba. Nikasema nimemuua, tena peke yangu. Yalinitoka tu! Kumbe kamwambia mjomba wake. Leo Shemeji kapiga simu: Jumamosi anakuja kuiona kofia ya pembe, ile anayopewa aliyemuua Magamba tu. Yeye anayo. Alimuua na wenzake watatu, na huu mwaka wa pili hatujapumzika na majigambo yake.

Binti akadaka simu, akamwambia baba yake hahitaji wenzake. Alijidai kweli kweli. Nikajifanya nakohoa.

Jumanne, 9 Juni

Mpango! Mapipa kumi ya baruti mbele ya pango la Magamba. Nimeyapanga vizuri, nimeyafunika majani. Nikasimamisha gemu, nikachora ramani. Niliporudi nikaishika ramani juu chini, nikayakanyaga mapipa yangu mwenyewe. Magamba alikuwa amekaa kando, ananitazama.

Mama watoto akapita na beseni la nguo. Akasema mgongo unaouma wakati wa kuanika, kwenye gemu hauna neno. Nikaenda kuanika.

Jumatano, 10 Juni

Mpango wa pili. Mtandaoni! Unaingia na wageni watatu, wao wanaua, wewe unabaki kambini unachuma majani, mwisho mnagawana. Shemeji hataiuliza kofia imepatikanaje.

Mmoja akaniandikia, akataka kujua majani ya nini. Nikajibu mimi ndiye daktari wa msafara. Nikabonyeza kusimamisha ili niandike jina lake kwenye faili. Lo! Mtandaoni gemu haisimami. Nilipoinua macho nimeshakanyagwa, na wale wageni wananiita kupe. Wakanitoa.

Nikumbuke: mtandaoni haisimami. Nimeiandika kwa wino mwekundu, nikaipigia mstari.

Alhamisi, 11 Juni

Umeme hakuna. Nimesoma faili tu. Ni faili zuri, bosi angeliona angenirudishia kiti. Binti akauliza ni la nini. Nikasema kazi za ofisi. Akalitazama jalada, ambalo nimeandika MAGAMBA: VIFO VYA MWINDAJI, JUZUU LA PILI. Akasema sawa, baba.

Ijumaa, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Leo mtandaoni nilikuwa na mgeni mmoja tu, anajiita Mama Nyundo. Mtu wa kazi. Nilipoanza kuchuma majani nikasikia sauti yake, imechoka kuliko yangu: “Baba, acha mboga, shika upanga.” Nikashika. Nikapiga! Ananielekeza kulia, naenda kulia. Pembe moja ikavunjika. Magamba akaanza kuchechemea, akajikokota hadi pangoni kwake, akalala. Hapo Mama Nyundo akasema mtoto ameamka, mmalizie mwenyewe, akatoka.

Mimi na Magamba. Amelala fofofo. Zimebaki dakika sita za mawindo, na pigo moja linatosha. Mikono inanitetemeka. Mawindo arobaini na mbili sijafika hapo. Nikasema jambo kama hili haliwezi kupita hivi hivi bila kumbukumbu. Nikabonyeza kusimamisha. Nikachukua kalamu.

Nimeandika ukurasa mmoja na nusu, mwandiko mzuri, hakuna palipofutwa. Nilipoinua macho pameandikwa: muda umekwisha. Kwenye ukurasa wa upande wa pili, wino mwekundu unanitazama.

Nimelia kidogo. Naandika kwa kuwa humu hasomi mtu.

Jumamosi, 13 Juni

Shemeji kaja na pedi yake mwenyewe ya kuchezea. Hakumaliza hata chai. Akafungua sanduku la silaha, akatafuta juu, akatafuta chini. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kofia iko wapi. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu umeme. Hayakutoka.

Binti hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake la hesabu. Akasema, “Aliiyeyusha, Mjomba. Nilitaka upanga, akanitengenezea.”

Shemeji akalifunga sanduku. Kisha akanipa mkono, akasema yeye asingeweza kufanya hivyo hata kwa mwanawe. Nikaupokea ule mkono. Aibu niliyoiona sijawahi kuiona. Mwanangu anadanganya vizuri kuliko mimi, na mwalimu wake ni mimi.

Alipoondoka, binti akaleta faili. Amelisoma lote, juzuu zote mbili. “Ungeniambia tu, baba,” akasema. Nikamwahidi sitadanganya tena. Akasema kesho tunakwenda wawili, na faili analificha yeye.

Jumapili, 14 Juni

Asubuhi Shemeji kapiga simu kuulizia pedi aliyoisahau. Nikamwambia aiache kidogo, na kwamba kwa kweli Magamba nimeshamuua mara mbili. Yalinitoka tu.

Tumeingia baada ya chakula cha mchana, skrini tumeigawa katikati. Mkicheza wawili gemu haisimami vilevile, najua. Binti anapiga kama Mama Nyundo. Pembe zote mbili zimevunjika. Magamba yuko pangoni, amelala. Binti amesimama upande wa kichwa na nyundo juu, ananingoja upande wa mkia, kwa sababu anataka tupige pamoja. Zimebaki dakika tatu.

Faili kalificha kweli. Shajara hakuitaja.

Anasema, “Baba, weka kalamu.” Nimemwambia mistari miwili tu. Anasema dakika mbili. Nimemwambia nasikia. Anasema moja, na sasa naona mkono wake unatetemeka kama wangu juzi. Jambo hilo lazima liandikwe vizuri, kwa hiyo nafungua ukurasa mpya.